Kukinga watoto wa chekechea na jua kali: kivuli kwanza, mafuta mwisho

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha watoto wadogo tuliweka sanduku la mchanga chini ya mti mkubwa, tukaliamini. Saa tatu asubuhi kivuli kilifunika mchanga wote. Ilipofika saa tano kilikuwa kimeshahama, na mtoto mmoja wa miaka mitatu, aliyezama katika kuchimba shimo lake, alibaki palepale alipokuwa. Jioni mama yake alipomvua fulana alikuta shingo na sehemu ya juu ya mgongo imebabuka. Hatukuwa tumemweka juani. Kivuli kilimwondokea, na hakuna mtu mzima aliyekuwa akikiangalia.

Tangu siku ile nimebadili mpangilio wa kazi yangu. Vituo vingi huanza na chupa ya mafuta ya kukinga jua na kuishia hapohapo. Mimi huanza na uwanja, kisha ratiba, kisha nguo, na mafuta huja mwisho kwa sehemu za mwili zilizobaki wazi. Sababu yangu ni kwamba kivuli na ratiba humkinga mtoto bila yeye kukumbuka lolote. Mafuta hutaka mkono wa mwalimu kwa kila mtoto, tena na tena, na kwenye darasa la watoto ishirini mkono huo huchoka.

Jua lenyewe

Jua linatuletea mambo mawili ambayo watu huyachanganya: joto, na miale ya urujuanimno, ile ambayo kwenye taarifa za hali ya hewa huandikwa kwa herufi UV. Joto tunalihisi. Miale ya UV haionekani wala haihisiwi, ndiyo maana siku yenye upepo wa baridi mtoto anaweza kubabuka bila hata kulalamika. Mawingu mepesi nayo hayasaidii sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya miale hiyo hupenya. Aina yake iitwayo UVB ndiyo inayobabua ngozi kwa haraka. Aina nyingine, UVA, huzama ndani zaidi, na hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, kwa hiyo kitanda cha kulalia mchana kilichowekwa dirishani penye jua si mahali salama kama kinavyoonekana.

Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Lenzi ya jicho lake bado ni angavu mno, hivyo huruhusu miale mingi zaidi kufika ndani ya jicho. Mwili wake hupata joto upesi na hutoa jasho kidogo. Isitoshe, madhara ya jua hujumlishana tangu utotoni: kubabuka mara kwa mara katika umri mdogo huongeza hatari ya saratani ya ngozi ukubwani.

Je, mtoto mwenye ngozi nyeusi? Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi na macho, humkinga, na kinga hiyo ni ya kweli, lakini haikamiliki, si kwa ngozi wala kwa macho, na haimpunguzii joto. Naye anahitaji kivuli, kofia na maji kama wenzake. Mtoto mwenye ualbino ndiye anayehitaji uangalizi wa juu kabisa, kwa sababu ngozi na macho yake yana melanini kidogo sana au hayana kabisa. Kwake dakika chache za jua la mchana ni nyingi. Ukiwa naye darasani, panga uwanja na ratiba ya darasa zima kwa kipimo chake, ili asiwe mtoto anayebaki dirishani akiwatazama wenzake wakicheza.

Kabla ya kutoka nje, angalia kipimo cha UV cha siku hiyo. Simu nyingi hukionyesha kwenye programu ya hali ya hewa. Kikiwa 0 hadi 2, hakuna haja ya hatua maalumu kwa watoto walio wengi. Kikifika 3, kinga ianze. Kuanzia 8 kwenda juu, watoto wasikae kwenye jua la mchana hata kidogo, na 11 ni kiwango cha hatari kubwa. Kama huna simu, simama uwanjani uangalie kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua lina nguvu. Watoto wa miaka minne huipenda sana kazi hii ya kupima, na baada ya wiki moja watakuwa wanakukumbusha wao.

Hatua ya 1: Chora ramani ya kivuli

Hii ndiyo kazi ninayoomba usiiruke. Chagua siku moja yenye jua, chukua chaki au kamba na vigingi. Saa tatu asubuhi zungushia mstari kila kivuli kilichopo uwanjani: cha mti, cha ukuta, cha paa la baraza. Rudia saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, kila mara kwa rangi nyingine. Jioni utakuwa na picha inayokuambia ni wapi watoto wanaweza kucheza na saa ngapi. Irudie baada ya miezi mitatu minne, maana njia ya jua angani hubadilika kadiri mwaka unavyokwenda.

Kisha hamisha vitu. Sanduku la mchanga, meza za kuchorea, mkeka wa hadithi na ndoo za maji ni vitu vinavyomshikilia mtoto mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo vipewe kivuli kizito kuliko vyote. Eneo la kukimbia linaweza kubaki wazi, kwa sababu mtoto anayekimbia hupita juani na kutoka. Vituo vingi nilivyovitembelea vimefanya kinyume: mti mzuri umeachiwa benchi la watu wazima, na mchanga uko katikati ya uwanja mweupe.

Ukishajua kivuli kiko wapi, pima ubora wake. Kaa chini kwa kimo cha mtoto, uangalie juu na pembeni. Unaona anga kiasi gani? Miale ya UV haitoki kwenye jua peke yake. Hutawanyika angani ikaja kutoka kila upande. Chini ya mwavuli mmoja uliosimama peke yake, anga karibu lote liko wazi kwako na miale inakufikia kutoka pembeni. Chini ya mti wenye majani mengi uliokaribiana na ukuta au vichaka, anga limefunikwa na kinga ni kubwa. Sakafu nayo hurudisha miale. Nyasi hurudisha chini ya asilimia 10, mchanga mkavu wa pwani kama asilimia 15, povu la bahari kama asilimia 25, na theluji mpya hadi asilimia 80. Penye saruji nyeupe au mchanga mkavu kuzunguka kivuli, otesha nyasi au panda vichaka vifupi visivyo na miiba wala sumu.

Watafiti waliofuatilia watoto wa shule za awali mjini Stockholm, Uswidi, waliona kwamba kwenye viwanja vyenye miti, vichaka na nafasi kubwa ya kucheza, watoto walitembea zaidi na wakati huohuo walipata miale michache kuliko wenzao wa viwanja vitupu. Nautaja utafiti huu kila ninapokutana na mtu anayedhani kuwakinga watoto na jua ni kuwafungia ndani.

Mti huchukua miaka. Ukishaupanda, usingoje ukue: funga turubai au kitambaa kizito kilichofumwa kwa karibu. Nyanyua kitambaa kuelekea mwanga kabla ya kununua. Kikionyesha matundu mengi, kinapunguza joto kidogo lakini miale inapita. Funga imara, acha upande mmoja wazi upepo uzunguke, na kamba za kufungia ziwe mahali ambapo mtoto hawezi kujinyonga wala kujikwaa.

Hatua ya 2: Panga upya saa

Karibu asilimia 60 ya miale ya UV ya siku nzima hufika kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Michezo mirefu ya nje iwe kabla ya saa nne, au jioni jua likiwa limeshuka. Saa za katikati zibaki za hadithi, chakula, usingizi na michezo ya barazani. Jioni kivuli chako kikishakuwa kirefu kuliko wewe, fungua milango.

Usifute kabisa muda wa nje. Watoto wanahitaji kukimbia, na kukaa kwenye mwanga wa mchana husaidia kuzuia macho yasiwe na uoni hafifu wa mbali. Ngozi nayo hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na muda mfupi wa asubuhi au jioni huchangia hilo. Kumbuka kwamba ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kuitengeneza, hasa katika nchi zenye majira marefu ya baridi. Mwenye wasiwasi kuhusu mtoto fulani amuulize daktari wa mtoto huyo, asijaribu kutibu kwa jua la saa sita.

Dakika zinazotuponyoka ni zile zisizoandikwa kwenye ratiba. Foleni ya kunawa mikono nje. Kumsubiri mzazi getini. Kusimama mstarini asubuhi huku mwalimu akihesabu majina mara mbili. Mazoezi ya sherehe ya kufunga mwaka, ambapo watoto husimama juani saa nzima wakirudia wimbo mmoja. Mimi niliwahi kuzijumlisha dakika hizi kwa wiki moja, nikakuta zinazidi muda wa mchezo wenyewe. Hamisha foleni iwe upande wa kivuli, hesabu majina ndani, na mazoezi yafanyike asubuhi mapema.

Hatua ya 3: Nguo na kofia

Fulana yenye mikono inayofika kiwikoni, yenye kola au shingo iliyofunga, na kaptula inayofika magotini, vinafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya mafuta. Kitambaa kizito na cha rangi iliyokolea hukinga zaidi kuliko chepesi na cheupe, ingawa kisizidi uzito mtoto akapata joto. Pamba ikilowa hupitisha miale zaidi, kwa hiyo baada ya mchezo wa maji mbadilishie. Maji yenyewe pia si kinga: nusu mita chini ya maji, bado kuna kama asilimia 40 ya miale iliyopo juu.

Kofia iwe na ukingo unaozunguka pande zote, angalau sentimita 5 kwa mtoto mdogo, au ile yenye kitambaa kinachoning'inia kufunika kisogo. Kapelo huacha masikio na shingo wazi, na masikio ndiyo hubabuka kwanza. Kofia isiwe na kamba ngumu ya kufungia shingoni, kwa sababu inaweza kunasa kwenye bembea au ngazi. Kama lazima iwe na kamba, iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa.

Australia wana kanuni kwenye shule za awali nyingi: asiye na kofia hachezi juani, anacheza kivulini. Ni kanuni nzuri, kwa sharti moja. Usimwadhibu mtoto kwa kosa la mzazi aliyesahau. Weka sanduku la kofia za akiba, zifuliwe kila baada ya kutumika, na lisimfedheheshe anayeazima. Walimu nao wavae kofia. Mtoto wa miaka mitatu haoni maana ya hotuba yako kama wewe uko kichwa wazi.

Miwani si lazima kwa kila mtoto, ila kwa mwenye ualbino au anayesumbuliwa na mwanga inasaidia sana. Iwe imeandikwa UV400, alama ya kioo kinachozuia miale ya UV. Miwani ya kuchezea yenye vioo vyeusi tu inaweza kuwa mibaya kuliko kutovaa, kwa sababu giza hupanua mboni na miale ikaingia zaidi.

Hatua ya 4: Mafuta ya kukinga jua

Pata ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na uulize kuhusu mzio na dawa anazotumia mtoto, maana baadhi ya antibayotiki huifanya ngozi ibabuke kwa urahisi. Mara ya kwanza jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku moja. Chagua yenye SPF (namba ya kiwango cha kinga iliyoandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, inayokinga UVA na UVB zote, na isiyoondoka haraka kwa maji. Kwa ngozi nyeti, zenye madini ya zinki au titani huwa na shida chache. Epuka ya kupuliza. Mtoto huvuta ule ukungu puani.

Watu hubishana sana kuhusu namba. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB na SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na hasara ya kupaka kidogo, na karibu sote tunapaka kidogo. Paka mpaka ngozi ionekane na utando mweupe, ndipo usambaze. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili, na pia baada ya maji, jasho jingi au kufutwa kwa taulo. Sehemu zinazosahauliwa ni juu ya masikio, kisogo, nyuma ya magoti, juu ya nyayo, na mstari wa utosini kwa aliyesukwa.

Utaratibu wangu wa kupaka watoto wengi ni huu. Wanakaa duara kivulini. Kila mmoja napaka vitone kwenye mikono na miguu, wao wanasugua huku tukiimba, na mimi namaliza uso, masikio na shingo kwa mkono wangu. Nanawa au kubadili glavu kati ya mtoto na mtoto, hasa mwenye vidonda au upele. Anayekataa simshiki kwa nguvu; namvalisha mikono mirefu na kumwekea shughuli kivulini. Kama mnapaka pia dawa ya mbu, mafuta ya jua yatangulie, dawa ifuate.

Chupa zikae ndani, mahali pa baridi. Iliyopitwa na tarehe, au iliyoshinda juani hadi ikajitenga, itupwe.

Watoto wachanga

Walio chini ya miezi 6 wasikae kwenye jua la moja kwa moja. Wao kinga yao ni kivuli na nguo nyepesi zinazofunika, na mafuta ya jua kwa kawaida hawapakwi. Usifunike kigari cha mtoto kwa shuka au blanketi: hewa husimama, na ndani huwa tanuri kwa dakika chache. Na kwa umri huu usiwape maji kupunguza joto. Wape maziwa ya mama au ya kopo mara nyingi zaidi.

Joto, plastiki na limau

Weka maji ya kunywa yanapoonekana, na waite watoto wanywe kila baada ya dakika 20 hivi wakiwa wanacheza kwenye joto. Mtoto aliyezama mchezoni hakumbuki kiu.

Kabla ya kuwaachia uwanja, pita na nyuma ya kiganja chako: mtelezo, bembea, kingo za vyuma, sakafu ya mpira, nyasi bandia. Kama huwezi kushikilia hapo kwa sekunde 5, funga kifaa hicho. Watu huogopa chuma, lakini plastiki nayo huunguza, hasa iliyokolea rangi, na walio chini ya miaka miwili huungua kwa sababu hawajui kuruka upesi na kuondoka.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kuleta malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Shughuli ya kukamua ndimu ifanyike ndani, na watoto wanawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kutoka.

Mtoto akibabuka au kuzidiwa na joto

Mwingize ndani mara moja. Pooza ngozi kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya kawaida yaliyopoa, usitumie barafu. Mpe maji ya kunywa. Usipake dawa ya meno, siagi wala mafuta mazito, na usipasue malengelenge. Aliye chini ya mwaka mmoja apelekwe kwa daktari hata kama wekundu ni kidogo. Wengine wapelekwe wakiwa na malengelenge, homa, kutapika au maumivu makali. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu: gusa uone kama kuna joto, uvimbe, au kama mtoto anashtuka ukimshika.

Mtoto anayeumwa kichwa, kichefuchefu, aliyelegea na kutoka jasho jingi amechoshwa na joto. Mlaze kivulini, mpunguzie nguo, mpepee, mnyweshe kidogokidogo. Akiwa amechanganyikiwa, anaanguka, ana degedege, au mwili unawaka moto na haitikii vizuri, hiyo ni dharura. Piga simu ya kuita msaada, na papo hapo mmwagie maji mwilini huku mwingine akimpepea. Usimpe kinywaji kama hajitambui. Usingoje gari lifike ndipo uanze kumpooza.

Mwambie mzazi siku hiyohiyo, uso kwa uso ukiweza: ilikuwa saa ngapi, mahali gani, mlifanya nini. Usimpambie maneno. Mimi nilipomweleza yule mama, alichotaka kujua ni kimoja tu, kama kesho mwanawe atakaa tena palepale. Asubuhi iliyofuata nilichukua chaki nikaenda kwenye ule mti, na tukasukuma sanduku la mchanga hadi kwenye kona ya ukuta ambayo mstari wa saa tano ulikuwa bado unaifunika.